Jani Moja Zaidi

Usiku mmoja wa Novemba 2004, katika kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani mjini Denver, mfanyakazi wa zamu ya usiku aliinama kukagua robo dola zilizokuwa zikitoka kwenye mashine yake. Akaona kasoro. Muhuri wa chuma unaochapa picha ulikuwa na alama isiyotakiwa. Akaizima mashine, kisha akaenda kula. Aliporudi aliikuta inanguruma. Akadhani mwenzake amekwisha kuubadilisha ule muhuri, naye akaiacha iendelee. Baada ya muda wa saa moja na nusu hivi, kasoro ya namna ileile ikajitokeza kwenye mashine nyingine, na hapo ndipo wafanyakazi walipoulizana. Mashine zote mbili zikazimwa, mihuri ikaharibiwa. Lakini karibu sarafu 50,000 zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nyingine zisizo na kasoro, na zikatoka kwenda benki.

Hivyo ndivyo uchunguzi wa Wizara ya Fedha ulivyoeleza, kwa mujibu wa habari zilizochapwa magazetini mwanzoni mwa 2006. Kufikia wakati huo wakusanyaji wa sarafu hawakuwa na haja ya kungoja maelezo. Walikuwa wameanza kuzigundua tangu Desemba 2004, huko Tucson katika jimbo la Arizona, na baadaye San Antonio, Texas.

Sarafu yenyewe ilikuwa ya jimbo la Wisconsin, nchi ya maziwa na mahindi. Upande wa nyuma una kichwa cha ng'ombe, jibini la mviringo na gunzi la hindi lililofunuliwa maganda. Kwenye sarafu zilizoharibika, upande wa kushoto wa hindi hilo limeota jani ambalo mchoraji hakulichora. Kuna aina mbili: jani linaloelekea juu, na jani linalopinda kushuka kwenye jibini. Wakusanyaji wakaziita Jani la Juu na Jani la Chini, na katika miezi ya mwanzo seti ya sarafu tatu, yaani ya kawaida pamoja na hizo mbili, ilinunuliwa kwa mamia ya dola. Sarafu ya senti 25!

Bei hiyo haikudumu. Watu walipozidi kuchambua mabunda yao, sarafu nyingine zikajitokeza, na homa ikapoa. Leo Jani la Juu au la Chini lililokwisha kupita mikononi mwa watu huuzwa kwa makumi ya dola, na lile safi lisiloguswa huweza kupita mia. Si utajiri, lakini si senti 25 pia. Mjadala nao haujafa. Wako wanaoamini kwamba majani yale yamekaa vizuri mno hata yasiweze kuwa ajali, kwamba mtu aliyechoshwa na zamu ndefu aliugonga muhuri kwa kifaa chenye ncha ili ajifurahishe. Wengine wanasema chuma kinakwaruzika bila kuombwa. Mwandishi wa mazungumzo haya anaelemea upande wa wale wa kwanza, kwa sababu moja tu: mihuri miwili, usiku mmoja, hindi lilelile, upande uleule. Ajali haina desturi ya kurudia kazi yake kwa unadhifu namna hiyo.

Ili kuelewa kwa nini jani moja lilizua kelele zote hizo, lazima kurudi nyuma kidogo. Desemba 1997 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyoruhusu kutolewa kwa robo dola za ukumbusho wa majimbo 50. Kila mwaka, kuanzia 1999 hadi 2008, zilitoka sarafu tano, moja baada ya nyingine kila baada ya majuma kumi hivi, kwa kufuata mpangilio wa majimbo yalivyoikubali katiba au kuingia katika muungano. Delaware ikatangulia, Hawaii ikafunga mlango. Wazo halikuwa geni: mwaka 1992 Kanada ilikuwa imetoa senti 25 za aina 12, kwa majimbo na maeneo yake, kuadhimisha miaka 125 ya shirikisho lao.

Kanada hiyohiyo ndiyo iliyotoa mwaka 2004 senti 25 yenye ua jekundu la ukumbusho wa askari waliofariki vitani, lililotiwa rangi halisi. Wafanyakazi wa makampuni yanayohudumia jeshi la Marekani walioipata mifukoni mwao walipokuwa safarini Kanada waliishuku kuwa chombo cha ujasusi, wakaandikia wakubwa wao ripoti. Habari ilipovuja mwaka 2007, dunia nzima ilicheka. Kilichowatisha kilikuwa utando wa kuilinda rangi isibanduke.

Huko Marekani, mpango wa majimbo uliwapendeza watoto na wazee sawa. Maduka yalijaa ramani za kadibodi zenye matundu 50, na kila familia ilikuwa na mtu aliyegeuza chenji yake kabla ya kuitia mfukoni. Kila jimbo lilichagua lenyewe la kujivunia. New Hampshire, mwaka 2000, ilichagua Mzee wa Mlimani, jabali lililojitokeza kwenye genge mfano wa uso wa mtu aliyekunja kipaji. Tarehe 3 Mei 2003 uso huo uliporomoka ukawa kifusi. Sarafu ingalipo.

Georgia ilichagua pichi ndani ya mchoro wa mpaka wa jimbo, na wenye macho makali wakaona kwamba kona ya kaskazini-magharibi, wilaya ya Dade, kama imekatwa ikaachwa nje. Hapo kuna somo la kwanza la biashara hii. Kosa la Georgia liko kwenye mchoro wenyewe, kwa hiyo limo katika kila sarafu ya Georgia iliyowahi kuchapwa, mamia ya mamilioni. Halina bei. Wakusanyaji hawalipi kosa, wanalipa uchache wa kosa.

Na uchache ndicho kitu ambacho robo dola za majimbo hazina kabisa. Kwa jumla zilichapwa zaidi ya bilioni 34. Virginia peke yake, mwaka 2000, ilifikia bilioni 1.59. Oklahoma ya mwaka 2008, iliyochapwa kidogo kuliko zote, bado ilipita milioni 400. Msikilizaji aliyezikusanya zote 50 kutoka kwenye chenji, akazipanga vizuri kwenye kadibodi yake kwa miaka kumi, ana hazina ya dola 12 na senti 50. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, ila kibaba chenyewe ndicho hicho.

Aliyefaidi ni serikali. Wakati ule robo dola iligharimu senti chache kuichapa, nayo huingia katika mzunguko kwa thamani ya senti 25. Inayotumika na kurudi benki ni deni, kwa namna fulani. Inayofungiwa kabatini na mtoto wa darasa la nne ni faida isiyorudi. Kwa kila kadibodi iliyojazwa, hazina ya taifa ilitabasamu. Siku hizi tabasamu limefifia, kwa kuwa katika mwaka wa fedha 2024 gharama ya kuchapa robo moja ilikaribia senti 15.

Si mara ya kwanza ukumbusho kugeuka wingi. Robo dola yenye sura ya George Washington ilizaliwa mwaka 1932 kama kumbukumbu ya miaka 200 tangu azaliwe, ikapendwa, ikakaa kama mgeni aliyesahau kuaga. Mwaka huo wa kwanza Denver ilichapa 436,800 na San Francisco 408,000, na hizo ndizo zinazotafutwa kwa udi na uvumba hadi leo. Ilipofika miaka 200 ya taifa, zikaja robo zenye mpiga ngoma wa vita vya uhuru na tarehe mbili, 1776 na 1976. Zilianza kuchapwa mapema, ndiyo maana hakuna robo dola yenye tarehe 1975. Zilipita bilioni 1.6. Kila aliyeipata aliiweka, akiamini wajukuu watamshukuru. Wajukuu sasa wanazirusha kwenye mashine za soda.

Hata hivyo, mpiga ngoma huyo ndiye nyota wa video nyingi zinazosambazwa simuni, zile zenye sauti ya kutetemeka na mshale mwekundu: ukiwa nayo, umetajirika. Waswahili wanaoishi Marekani wanazijua, na jamaa zao Afrika Mashariki pia, maana robo dola huingia nyumbani kwa njia zake. Hubaki mfukoni mwa koti la mgeni, chini ya sanduku, kwenye pochi ya mtoto aliyekuja likizo. Maduka ya kubadilishia fedha kwa kawaida hayataki sarafu za kigeni, basi hukaa kwenye droo pamoja na funguo zisizo na kufuli. Ikija video kama ile, droo hufunguliwa.

Tufungue pamoja, basi, tuone cha kutazama.

Sarafu hukatwa kutoka kwenye bati refu, kama mama anavyokata maandazi kwa glasi. Bati likisogea kidogo kuliko inavyopasa, kikatio huangukia sehemu iliyokwisha kukatwa, na kisahani hutoka kikiwa kimeng'atwa ukingoni kama mwezi mchanga. Kisahani kizima hulainishwa kwa moto, huoshwa, hukunjwa ukingo, halafu hupelekwa kwenye mashine ya kuchapa. Pale hukalishwa ndani ya pete ya chuma yenye meno, na mihuri miwili hukigonga kwa mpigo mmoja, juu na chini. Meno ya pete ndiyo yanayoacha ile mikwaruzo midogo ukingoni. Mashine za kisasa hugonga sarafu mamia kadhaa kwa dakika moja. Kwa kasi hiyo, jambo likienda upande, huenda upande mara elfu kabla ya binadamu kupepesa.

Kisahani kisipokaa sawasawa, picha huangukia kando na nusu ya sarafu hubaki tupu. Pete isipopanda, chuma hutandaa kama chapati na ukingo hukosa meno. Makosa ya namna hii hayahitaji darubini, na ndiyo maana yana soko la uhakika: anayeyaona haambiwi.

Muhuri nao huchoka. Hupasuka, na ufa wake hujaa chuma cha sarafu ukatoka kama mstari ulioinuka. Ufa maarufu kuliko wote uko kwenye sarafu ya kwanza kabisa, Delaware ya 1999. Picha yake ni Caesar Rodney, mjumbe aliyekuwa mgonjwa wa pumu na saratani ya uso, akimkimbiza farasi usiku wa mvua ya radi, Julai 1776, kwenda Philadelphia kupiga kura yake ya uhuru. Kwenye baadhi ya sarafu ufa ulianzia mdomoni mwa farasi, na shujaa akabaki ameketi juu ya mnyama anayetema mate. Watu wakaipenda zaidi kuliko ile nzima. Bei yake ni ya dola chache hadi makumi, kutegemea usafi.

Kuna pia muhuri ulioziba. Mafuta ya mashine yakichanganyika na vumbi hujaza herufi moja, na herufi hiyo haichapwi. Kansas ya 2005 iliyochapwa Philadelphia ilipoteza T kwenye neno la mwisho la kaulimbiu ya taifa, na imani kwa Mungu ikageuka kutu: IN GOD WE RUST. Ni mzaha wa bahati, na wauzaji wameutafuna vya kutosha. Ukweli ni kwamba mafuta huziba mihuri kila siku, na herufi zilizofifia ni nyingi kama mchanga. Hii inanunuliwa kwa sababu inachekesha. Minnesota ya mwaka huohuo ni kinyume chake. Kosa liko kwenye utengenezaji wa muhuri, ambako picha iligandamizwa mara mbili bila kulingana, hata kando ya mti mmoja pakatokea kivuli cha mti wa pili. Kwa kuwa ilitokea kwenye mihuri mingi, wakusanyaji wamezipanga aina kadhaa kadhaa na kuzipa namba. Kuziona kunahitaji kioo cha kukuzia na subira ya mvuvi wa mshipi.

Kosa rahisi kuliko yote kulithibitisha ni la ngozi iliyobanduka. Tangu 1965 robo dola ya kawaida haina fedha. Ni tumbo la shaba tupu lililobanwa kati ya ngozi mbili za shaba iliyochanganywa na nikeli, ndiyo maana ukiitazama ukingoni unaona mstari mwekundu. Mara chache ngozi ya upande mmoja hubanduka kabla ya kuchapwa, na sarafu hutoka nyeupe huku, nyekundu kule. Sarafu nzima ina gramu 5.67. Iliyokosa ngozi moja huwa na gramu 4.7 hivi. Mzani mdogo wa sonara humaliza ubishi, maana kuna wajanja wanaoipaka robo nzima rangi ya shaba, lakini rangi haipunguzi uzito.

Halafu kuna baghala.

Wakusanyaji huliita hivyo kosa la kuoanisha mihuri isiyohusiana, kama punda na farasi wanavyozaa nyumbu, na hapa si yule nyumbu wa Serengeti anayevuka mto Mara, bali yule mbeba mizigo asiye na ukoo. Mei 2000, mtu mmoja wa Mountain Home, Arkansas, alifungua bunda la sarafu mpya za dola moja, zile za rangi ya dhahabu zenye mama wa Kishoshoni, Sacagawea, na mwanawe mgongoni. Moja haikuwa na Sacagawea. Badala yake alikuwapo George Washington wa robo dola ya majimbo, na nyuma yake tai wa dola moja. Sarafu hizo mbili zinakaribiana kwa ukubwa, milimita 24.26 na 26.5, na mtu huko Philadelphia alikuwa ameufunga muhuri wa robo mahali pa muhuri wa dola.

Matokeo yake ni sarafu iliyochanganyikiwa kuliko zote zilizotoka Marekani. Upande mmoja inadai ni robo dola, upande wa pili dola moja. Jina la nchi limeandikwa mara mbili. Mwaka haumo kabisa, kwa sababu robo dola za majimbo huwekewa mwaka upande wa nyuma, na dola ya Sacagawea huwekewa upande wa mbele, na pande zote mbili zenye mwaka hazikualikwa. Ya kwanza iliuzwa mnadani mwaka huohuo kwa karibu dola 30,000. Zinazojulikana ni ishirini hivi, na katika minada ya baadaye zimewahi kupita dola 100,000.

Asijidanganye mtu, hata hivyo, akikutana na robo yenye vichwa pande zote mbili. Takriban zote ni vifaa vya wafanya mazingaombwe: sarafu moja imechimbwa ikawa kama kikombe, nyingine imenyolewa ikaingizwa ndani. Robo za majimbo zilizopakwa dhahabu na kuuzwa kwenye televisheni ndani ya vijisanduku vya mahameli ni sarafu zilezile zilizoharibiwa. Dhahabu yake ni nyembamba kuliko ahadi yake. Hata zile seti rasmi za fedha halisi kutoka San Francisco zimeumiza watu. Seti ya 1999 iliuzwa na kiwanda kwa dola 31.95, ikapanda hadi mamia ya dola wakati wa homa, kisha ikashuka na kuwaacha walionunua kileleni wakikodoa macho.

Na kama kitu ni cha kweli? Makampuni kama PCGS na NGC hukagua sarafu, huipa alama kutoka 1 hadi 70, na kuifunga ndani ya plastiki ngumu. Huduma hiyo hulipiwa makumi ya dola ukijumlisha na posta. Kumpeleka farasi anayetema mate huko ni kumnunulia mbuzi wa shilingi elfu kamba ya elfu tano.

Mwaka 2019 kiwanda chenyewe kiliamua kuigiza bahati. West Point, kituo kilichozoea kuchapa sarafu za dhahabu na fedha, kilichapa robo dola milioni mbili kwa kila mchoro wa hifadhi za taifa uliotoka mwaka huo, zikawekewa herufi W, na kuchanganywa na zile za Denver na Philadelphia. Mwaka 2020 zoezi likarudiwa. Milioni mbili ni tone katika bahari ya robo dola, na watu wakaanza tena kununua mabunda benki, sarafu 40 kwa dola 10, kuyafungua mezani na kuyarudisha kesho yake. W iliyo safi huuzwa kwa dola 10 au zaidi. Huo ni uhaba uliopangwa ofisini, na mbele ya jani la Wisconsin unaonekana mkavu kidogo, lakini una uzuri mmoja: ni kosa lisilo kosa ambalo mtu yeyote anaweza kuliona bila kioo.

Mahali ambapo robo dola nyingi hupita mikononi mwa Waswahili wa Marekani ni kwenye mashine za kufulia nguo za malipo, Jumamosi asubuhi, kikapu kiko sakafuni na sarafu zimepangwa juu ya mashine kama kete. Herufi iko upande wa kichwa, kulia, nyuma ya kishungi cha nywele za Washington, chini ya ile kaulimbiu ya Mungu. Kugeuza kila moja kabla ya kuitumbukiza hakumchukui mtu hata nusu dakika. Shida ni kwamba mashine nyingi za kufulia siku hizi zinataka kadi.